Kiungulia cha miaka baada ya upasuaji wa kupunguza uzito kisiachiwe vidonge peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowasumbua watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, nalo ni kiungulia kinachoanza, au kinachorudi, miaka mitatu, mitano au hata kumi baada ya kidonda kupona. Mengi huandikwa kuhusu kilo zinazopungua kutokana na upasuaji huo, na ni haki yaandikwe, kwa sababu kwa mtu mwenye unene uliopindukia, tena mwenye kisukari na shinikizo la damu, hii imekuwa tiba yenye nguvu kuliko nyingine nyingi. Kuhusu tindikali inayompanda mtu kooni usiku wa manane, wakati ambapo hakuna tena anayempigia simu kumjulia hali, huandikwa machache mno.

Mimi ni mmoja wa waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo. Uzito ulishuka, sukari ikatulia, magoti yakapata nafuu, na hadi leo naushukuru uamuzi ule. Kikohozi kikavu cha usiku kilikuja miaka mingi baadaye. Kikafuatiwa na sauti ya kukwaruza kila asubuhi, kisha nikaanza kushtuka usingizini nikiwa na uchachu mkali mdomoni, mto umelowa, na kifua kinawaka kuanzia chembe cha moyo hadi kooni. Kila nilipokwenda kutibiwa nilipewa vidonge vya kupunguza asidi, ambavyo kwa hakika vilinisaidia, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza nilifanyiwa upasuaji wa aina gani. Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, kwa maana jibu lake hubadilisha karibu kila kinachofuata: chanzo cha kiungulia, vipimo vinavyohitajika, dawa inayofaa, na hata kama upo upasuaji mwingine unaoweza kukitibu.

Upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi ni ule wa kukata mfuko wa tumbo kwa urefu. Daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, upande wake wa nje uliotuna, na kuacha mrija mwembamba unaoanzia kwenye umio na kuishia kwenye vali inayopitisha chakula kwenda utumbo mwembamba. Sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, hivyo mgonjwa hupungukiwa hamu ya kula pamoja na nafasi ya kuweka chakula. Lakini sehemu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikilegea ili kupokea chakula bila shinikizo kupanda. Tena, pembe inayojitokeza pale umio unapoingia tumboni, pamoja na nyuzi za misuli zinazoizunguka, ni sehemu ya kizuizi cha asili kinachoifanya tindikali ibaki chini. Mkato ukipita karibu mno na pembe hiyo, nyuzi hizo huguswa na kizuizi hudhoofika.

Kinachobaki ni mrija wenye shinikizo kubwa ndani yake, ambao kwa chini umezuiwa na vali ambayo haikuguswa na kwa juu unalindwa na kizuizi kilichopungua nguvu, mithili ya tyubu ya dawa ya meno inayominywa katikati, ambayo dawa yake itatokea pale kifuniko kilipolegea. Ikiwa mrija huo umebana katikati, mahali tumbo linapojipinda, au umejizungusha kidogo wakati wa kupona, shinikizo la sehemu ya juu huzidi. Ipo pia ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya juu ya tumbo kupanda kupitia tundu la msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ngiri hiyo huenda ilikuwapo tangu mwanzo bila kuonekana, au ikatokea baadaye, kwa kuwa mrija mwembamba hupenya kwenye tundu hilo kwa urahisi kuliko mfuko mpana wa awali. Mambo haya hujijenga polepole, na uzito ukianza kurudi, kama unavyorudi kwa kiasi fulani kwa wengi wetu, mafuta ya tumboni huongeza msukumo kutoka chini. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka kadhaa bila shida yoyote kisha akaanza kuungua, na yeye mwenyewe asiunganishe kabisa kiungulia cha leo na upasuaji wa zamani.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha njia mpya ya chakula, ule ulioanzishwa na daktari Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani mwaka 1966, mambo ni tofauti. Huyu huachiwa kifuko kidogo cha juu chenye ujazo wa kama mililita 30, ambacho kina seli chache za kutengeneza tindikali, na kwa namna utumbo unavyounganishwa siku hizi, nyongo huingia mbali chini ya kifuko hicho. Kwa hiyo wengi wao kiungulia hupungua. Kikimwanza mtu wa namna hii baada ya miaka, maswali ya kuuliza ni mengine: je, kifuko kimetanuka, au kiliachwa kirefu tangu mwanzo, je, pana kidonda pale utumbo ulipounganishwa, je, umefunguka upenyo kati ya kifuko kidogo na tumbo la zamani lililoachwa ndani, au ni ngiri? Wapo pia waliounganishiwa utumbo kwa kiungo kimoja tu, ambao wanaweza kupandiwa na nyongo, na vidonge vya kupunguza asidi haviizuii nyongo kupanda. Aliyefungwa mkanda tumboni, ambao siku hizi hufungwa kwa nadra, huenda akahitaji tu mkanda ulegezwe kwa kupunguza maji yaliyomo ndani yake, au uangaliwe kama umeteleza.

Wagonjwa hawa wote wanaweza kufika dirisha moja la dawa, wakaeleza dalili zilezile, wakaondoka na pakiti ileile ya omeprazoli. Omeprazoli ni dawa nzuri, nami nainywa. Ninacholalamikia ni kwamba pakiti hiyo inachukua nafasi ya uchunguzi, mwaka baada ya mwaka, kwa mtu ambaye tumbo lake si lile alilozaliwa nalo.

Tofauti ninayoieleza imepimwa. Nchini Finland, wagonjwa 240 waliopangiwa kwa bahati nasibu kati ya mwaka 2008 na 2010, nusu wakatwe tumbo kwa urefu na nusu waunganishiwe njia mpya, walifuatiliwa kwa miaka 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa kamera, michubuko ya umio ilionekana kwa asilimia 31 ya waliokatwa tumbo kwa urefu na kwa asilimia 7 ya waliounganishiwa njia mpya. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba ile hali ambayo utando wa umio hubadilika baada ya kuunguzwa kwa muda mrefu, iitwayo umio wa Barrett kwa jina la daktari Norman Barrett, ilikuwa asilimia 4 katika kila kundi. Nataja namba zote mbili kwa makusudi. Hali ya Barrett inaongeza uwezekano wa saratani ya umio, na mgonjwa anapoisoma kwa mara ya kwanza hukosa usingizi kwa sababu nyingine kabisa. Basi na ajue kwamba wengi wenye kiungulia hawana hali hiyo, na kwamba walio nayo, wengi wao hawatapata saratani. Wanachohitaji ni kuangaliwa kwa utaratibu.

Kuangaliwa huko hakuwezi kusubiri maumivu. Ukubwa wa dalili na ukubwa wa madhara ndani ya umio haviendi sambamba: yupo anayeungua kila siku na umio wake u mzima, na yupo asiyehisi chochote ilhali ana michubuko. Ndiyo sababu mwaka 2020 shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji wa unene, IFSO, lilipendekeza kwamba aliyekatwa tumbo kwa urefu apigwe kamera ya tumbo mwaka mmoja baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, awe na dalili au asiwe nazo. Chama cha madaktari wa fani hiyo cha Marekani nacho kimependekeza wagonjwa hao wachunguzwe kuanzia miaka mitatu baada ya upasuaji hata kama hawana kiungulia. Wataalamu wanatofautiana kuhusu muda, lakini kwamba umio uangaliwe wanakubaliana. Nawaomba wasomaji wenzangu waliofanyiwa upasuaji huo wajiulize kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia jambo hili. Mimi sikuambiwa.

Kipimo chenyewe huogopwa kuliko kinavyostahili. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni au hupewa dawa ya kusinzia, hulala kwa ubavu wa kushoto, na mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi tumboni kwa dakika chache. Daktari anayejua kwamba mgonjwa alishakatwa tumbo hutazama mambo ambayo asingeyatafuta kwa mtu mwingine: mahali mrija ulipojibana, sehemu iliyopanda kifuani, nyongo iliyotuama, rangi ya utando pale umio unapokutana na tumbo. Asiyejua anaweza kuandika kwamba tumbo ni dogo na kuishia hapo. Kamera isipotoa jibu, kipo kipimo cha kupima tindikali ndani ya umio kwa saa 24, na ipo picha ya mionzi ambayo mgonjwa hunywa dawa nyeupe huku madaktari wakiangalia inavyoteremka. Kipimo hiki cha pili kinaonyesha vizuri umbo la mrija, na ni cha kawaida katika hospitali nyingi kubwa.

Kuhusu dawa, yapo mambo ambayo mtoa dawa angeweza kuyasema kwa dakika moja. Vidonge vya jamii ya omeprazoli hufanya kazi vizuri vikinywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa sababu huzizima seli za tindikali wakati zinapoamshwa na chakula; anayevinywa wakati wa kulala bila kula hupata faida ndogo. Aliyevitumia kwa miezi mingi asiviache ghafla kwa hiari yake, maana tindikali huweza kurudi kwa nguvu kwa wiki kadhaa, naye akadhani ugonjwa umezidi. Avipunguze kidogokidogo kwa ushauri wa daktari. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini, na sisi tuliokatwa tumbo tayari tuko katika hatari ya kupungukiwa na B12, madini ya chuma na kalsiamu. Kwa mtu mwenye tindikali kidogo, kalsiamu ya sitrati hufyonzwa vizuri kuliko ya kaboneti, jambo dogo ambalo lina maana kubwa kwa mifupa ya mtu aliyeagizwa kutumia kalsiamu maisha yake yote. Vipimo vya damu vya kila mwaka ni haki ya mgonjwa huyu. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu hununua bila cheti kwa ajili ya mgongo au kichwa, aziepuke, hasa aliyeunganishiwa utumbo, kwa kuwa zinaweza kumsababishia kidonda pale pa kiungo. Sigara nayo hufanya hivyohivyo.

Nyumbani nako yapo yanayosaidia. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vipande vya mbao imara chini ya miguu ya upande huo. Kurundika mito hakusaidii sana, kwa sababu huukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo lilelile tunalotaka kulipunguzia shinikizo. Kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia. Mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya kulala, tena uwe mdogo. Pombe, soda, vyakula vya mafuta mengi na mikanda ya kubana tumbo huwazidishia wengi shida, ingawa kila mtu atajifunza kinachomchokoza yeye. Nimeyafanya haya yote na yamenipunguzia usiku mbaya, lakini nisingependa mgonjwa yeyote aambiwe kwamba yanatosha ikiwa hajachunguzwa.

Hapo nataka kusema jambo linaloniuma. Mgonjwa aliyepunguza uzito kwa upasuaji akirudi hospitali kulalamikia tumbo, mara nyingi swali la kwanza analokutana nalo ni amekula nini. Hutazamwa kama mtu aliyepewa nafasi akaichezea. Wengi huona aibu, hasa kama kilo kadhaa zimerudi, na aibu hiyo huwafanya wakae nyumbani na vidonge vyao hadi chakula kinapoanza kukwama kooni. Mrija uliojibana au ngiri iliyopanda kifuani si matokeo ya ulafi. Ni mambo ya maumbile na ya kisu, na mgonjwa hawezi kuyarekebisha kwa kujinyima.

Yanapothibitishwa, yapo ya kufanya. Kwa mtu wa kawaida mwenye kiungulia kisichosikia dawa, madaktari wanaweza kuizungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye umio ili kuimarisha kizuizi. Kwa aliyekatwa tumbo kwa urefu, sehemu hiyo ilishaondolewa, kwa hiyo njia hiyo ya kawaida haipo. Ngiri inaweza kurekebishwa, penye mbano panaweza kutanuliwa, na kwa wale ambao kiungulia chao ni kikali na kimethibitishwa kwa vipimo, mrija unaweza kubadilishwa kuwa ile njia mpya ya chakula yenye kifuko kidogo. Upasuaji huo wa pili huwapunguzia wengi kiungulia, lakini si wote, na hatari zake ni kubwa kuliko za ule wa kwanza kwa sababu daktari anafanya kazi penye makovu. Mtu aamue akiwa na majibu ya vipimo mkononi, si kwa kukata tamaa baada ya usiku mmoja mbaya.

Kwa hospitali zinazofanya upasuaji huu ninayo maombi. Mgonjwa mwenye kiungulia kikali kabla ya upasuaji, au ambaye kamera imeonyesha umio wake umeshabadilika, aelezwe wazi, kwa lugha anayoielewa, kwamba kukatwa tumbo kwa urefu kunaweza kumzidishia, na kwamba ipo njia nyingine. Asiyekuwa nacho aelezwe kwamba kinaweza kuja baadaye. Maelezo hayo hayatawakimbiza wagonjwa. Mtu anayebeba mzigo wa kilo nyingi na magonjwa yake ana sababu za kutosha za kuendelea, na wengi, nami nikiwamo, tungekubali tukijua. Kisha siku ya kuruhusiwa apewe karatasi inayoeleza aina ya upasuaji, tarehe, kama ngiri ilikutwa na kushonwa, kamera ya kabla ilionyesha nini, na mwaka ambao anatakiwa kurudi kupigwa kamera nyingine. Wagonjwa huhama, madaktari hustaafu, mafaili hupotea. Karatasi hiyo, na picha yake kwenye simu, itamfuata popote.

Kwa madaktari na wauguzi wa vituo vya kawaida, ambao ndio tunaowaona mara nyingi zaidi, ombi langu ni kwamba kila anayelalamikia kiungulia, kikohozi kisichoisha, sauti iliyokauka au meno yanayolika aulizwe kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na upi. Makovu ya upasuaji wa matundu ni madogo kiasi cha kutoonekana kwa haraka, na mgonjwa mwenyewe anaweza asione sababu ya kuyataja.

Na kwa msomaji mwenye tatizo hili, asisubiri miadi ya kawaida ikiwa chakula kinakwama akimeza, anatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, anapata choo cheusi kama lami, anapungua uzito bila kukusudia, au ameambiwa ana upungufu wa damu usioeleweka. Maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, kukosa pumzi au kuenea mkononi na tayani yachukuliwe kuwa ya moyo hadi hospitali iseme vinginevyo, hata kama amezoea kuungua kila siku. Kwa wengine ambao hali si ya dharura, wiki hii inatosha kuitafuta ripoti ya upasuaji wao au kuiomba hospitali walikofanyiwa, kisha waende nayo kwa daktari wakamuulize ni lini umio wao uliangaliwa kwa mara ya mwisho.

Msomaji wako